Vitufe Nimeviacha Vilivyo

Idrisa mwanangu,

Hali yako sikuulizi, maana umetoka hapa dukani asubuhi hii, chapati mkononi, unaelekea Buguruni kumuaga shangazi yako. Hali yangu nayo umeiona mwenyewe, nimekaa kwenye kiti kile kile na feni inanipulizia vumbi la Kariakoo nzima. Kwa hiyo tuingie kwenye jambo. Ulichoniomba asubuhi sijakifanya. Hiyo laptop ya Mac waliyokutumia waajiri wako wa Arusha nimeitoa kwenye boksi, nimeiwasha, nimeingia kwenye mipangilio mpaka pale penye kibodi, nimeiona sehemu ya kubadilishana Ctrl na Command, nimeiangalia weee, halafu nimeifunga. Vitufe nimeviacha vilivyo. Barua hii nikiimaliza nitaiprinti niiweke juu ya hiyo mashine, uikute ukirudi, kabla hujaanza kununa.

Kununa utanuna, nakujua. Ila soma kwanza.

Uliniambia hivi, tena ulikuwa unacheka: "Mama, nigeuzie iwe kama ya dukani. Usiponigeuzia siendi. Siwezi kuaibika mara mbili." Baba yako akacheka, akadhani utani. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona ni mdomo tu ndio unaocheka. Tiketi imekatwa, begi limefungwa, basi linaondoka alfajiri, na mimi najua kabisa kuwa unaweza kuamka, ukavaa, ukafika mlangoni, halafu ukalirudisha begi chumbani. Umenirithi mimi. Ukisema siendi, huendi, na kazi hiyo ya kupanga kurasa za vitabu vya watoto, ambayo umeililia tangu unamaliza chuo, atapewa mtu mwingine. Ndiyo maana nimekaa kuandika mchana huu huku wateja wananiita.

Mambo ya kula, kufua, kuswali na sweta la baridi ya Arusha baba yako ameyasema wiki nzima, mpaka majirani wameyakariri. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukuambia kuhusu vitufe, na kuhusu mama yako, na nitachanganya, nivumilie.

Tuanzie kwenye mashine zetu. Ya mbele, yenye Windows, ndiyo ya CV na barua za maombi ya kazi. Ya nyuma ni ile kongwe ambayo Windows mpya ilikataa kuingia, fundi akaiwekea Linux, ikafufuka. Na Mac tuliuziwa na Kirit wa duka la karatasi, binti yake alipoacha kazi ya kupiga picha za harusi akaenda kusoma. Ulikuwa kidato cha pili. Siku Mac inaingia dukani ulikuwa wa kwanza kuikalia, hata vumbi hatujafuta. Ukabonyeza Ctrl na C ukopi, kimya. Ukabonyeza Ctrl na V upesti, kimya. Ukaenda kwenye faili ukabonyeza Enter lifunguke, lenyewe likataka ulibadilishe jina. Ukasogeza ukurasa ushuke, ukapanda. Hapo ukaiacha mashine ukaanza kuiangalia mikono yako, kama vile si yako.

Sura ile ndiyo iliyoniponza. Niliijua, na nitakuambia niliijulia wapi.

Jioni ile ile, wewe umekwenda madrasa, nikaingia kwenye mipangilio nikaanza kugeuza. Ctrl nikaipa kazi ya Command, Command nikaipa ya Ctrl. Kusogeza ukurasa nikakurudisha kuwe kama kwenye Windows. Ile Command na H, ambayo kwenye Mac inaficha dirisha zima, nikaiondolea kazi hiyo, nikaipa ya kutafuta neno na kulibadilisha, kama Ctrl na H tuliyoizoea. Kibodi zetu zile za mtumba kutoka Dubai, ambazo ukibonyeza alama ya barua pepe unapata alama ya kufungulia maneno, nazo nikazipanga zote mpango mmoja. Hata ile Linux, kwenye kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, ambako Ctrl na C haikopi bali inakatisha kazi yote iliyokuwa inaendelea, niliihangaikia mpaka ikanyenyekea. Ikawa ukikaa kwenye mashine yoyote ya duka hili, mikono yako inakuta mambo yale yale.

Nilijiona fundi, bwana. Vijana wa maduka ya jirani walikuja kuangalia, nikawa nawaonyesha. Baba yako peke yake ndiye aliyeuliza, tena akiwa anakula: sasa huyu mtoto akija kukaa kwenye mashine ya watu? Nikamwambia ale wali wake anyamaze.

Jibu la swali lake ulilipata wewe mwaka jana, kule Posta, ofisi ile iliyokuita ikujaribu kwa siku moja. Ulinisimulia kwa vipande, siku nyingi baadaye, kwa hiyo nikikosea mahali unirekebishe. Walikupa hadithi ya watoto uipange kurasa na picha zake, na kila palipoandikwa Juma paandikwe Jumanne. Mashine zao zote ni Mac, jinsi zilivyotoka kiwandani. Ukaweka vidole pale unapoviweka siku zote, ukabonyeza, hakuna kitu. Ukamchungulia dada wa meza ya pembeni, ukaona kidole gumba chake kinakwenda kwenye Command, ukamuiga. Mambo yakaenda. Ulishapanga kurasa karibu zote, na kwa maneno yako mwenyewe zilikuwa nzuri. Halafu ukakumbuka Juma na Jumanne. Ukabonyeza Command na H, na dirisha likatoweka, ukabaki unaangalia picha ya milima.

Ukadhani umeifuta kazi yote. Hukuuliza mtu. Ukaanza upya kimya kimya, na muda ukaisha ukiwa hujafika hata nusu. Yule mama msimamizi, ambaye uliniambia alikuwa mpole, akaja akabonyeza alama ya programu kule chini ya kioo, na kazi yako ya kwanza ikarudi yote, nzima, kama ulivyoiacha. Ilikuwa imefichwa tu. Akakuuliza mbona hukuuliza. Ukatoka pale ukaja kwa miguu kutoka Posta mpaka hapa.

Nilikuwa nimekuwekea wali na samaki, hukugusa. Ulisimama hapo penye mashine ya kutolea kopi, watu wamejaa, ukaniambia: "Mama, umenifundisha mashine ambayo haipo duniani."

Nilikujibu vibaya. Nilisema kama duka langu halikutoshi mlango uko wazi, na mengine ambayo siyarudii. Neno lako lilinichoma kwa sababu lilikuwa la kweli, na mimi mtu akiniambia kweli mbele ya wateja huwa nawaka kwanza, kuelewa baadaye. Safari hii baadaye imechukua mwaka mzima. Nisamehe, baba.

Sasa nikuambie ile sura niliijulia wapi. Hadithi ya mimi kuacha kazi ya ofisini unaijua, naisimulia kila Idi watu wakishashiba: jinsi nilivyowaachia kazi yao, nikaja Kariakoo, nikafungua steshenari yangu, na leo sina bosi. Ni kweli yote. Ila huwa naianzia siku niliyofungua duka. Leo naianzia nyuma kidogo.

Nilikuja Dar kutoka Masasi na cheti changu cha uhazili, nikapata kazi ya kuchapa barua kwenye ofisi moja ya mjini. Nilikuwa na mikono, Idrisa. Bosi anaongea, mimi nachapa, akimaliza nimemaliza. Walikuwa wanawaleta wageni waje waone. Wewe wakati huo ulikuwa unatambaa. Basi Jumatatu moja tukafika tukakuta mashine zote zimebadilishwa mfumo. Windows imetolewa, imewekwa Linux, wakubwa wameona ni nafuu. Hakuna aliyetuelekeza kitu. Kabla sijazoea hata rangi za kile kioo, bosi akaja na mgeni, anataka barua pale pale, mgeni aondoke nayo. Nikaichapa. Nikabonyeza Ctrl na P. Printa ikaanza kupepesa taa, inaomba karatasi, na karatasi zimejaa. Nikazitoa, nikazipangusa, nikazirudisha. Inapepesa. Nikaizima, nikaiwasha. Inapepesa. Mgeni akaangalia saa. Chumba kizima kikageuka. Dada mmoja, Anna, ambaye tulikuwa tunakula pamoja kila mchana, akasema leo ile mikono ya sifa imelala, na wote wakacheka, hata bosi.

Nilikaa pale naiangalia mikono yangu, na barua ya mgeni ilikuja kutolewa kwenye mashine ya chumba kingine.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, nililijua baadaye sana nilipokuwa na mashine yangu. Kwenye mipangilio ya kuprinti, saizi ya karatasi ilikuwa imewekwa ile ya Kimarekani, na kwenye treya kulikuwa na A4. Printa ilikuwa inangoja karatasi ambayo hata madukani kwetu haiuzwi. Unachagua A4, basi, kazi imekwisha.

Kesho yake niliamka, nikaoga, nikavaa, nikatoka kama mtu anayekwenda kazini. Nilipofika mtaa wa ofisi miguu ikapitiliza, ikanipeleka Feri. Nikakaa kwa wakaanga samaki mpaka adhuhuri, nimevaa sketi ya ofisi, kila anayepita ananiuliza kama nangoja mtu. Sikurudi ofisini, si siku ile wala siku nyingine yoyote. Mshahara wangu wa mwisho alikwenda kuuchukua baba yako.

Duka likafunguka, Alhamdulillahi, likatulisha, likakusomesha, na nalipenda. Ila sikulifungua kwa ushujaa kama ninavyojisifu. Nilikimbia, nikakuta duka mbele.

Anna nilikutana naye hapa hapa, baada ya miaka mingi, amekuja kununua rimu za karatasi. Alinikumbatia mbele ya kaunta. Nilikuwa nimejiandaa kumnunia maisha yangu yote, nikajikuta namwagizia soda. Tukaongea ya watoto, tukaongea ya bei, mwisho nikashindwa kujizuia nikamkumbusha ile Jumatatu. Hakuikumbuka. Ikabidi nimwelezee yote, mgeni, printa, kicheko. Ndipo akaweka chupa chini, akanishika mkono.

"Dada yangu," akasema, "sisi wote siku ile hatukujua kitu. Tulicheka kwa kuwa si sisi tuliokuwa mbele ya mgeni. Kesho yake printa ilimkatalia mwingine, kesho kutwa ikanikatalia mimi, na mimi nikachekwa. Baada ya wiki chache tulishazoea. Wewe tulikungoja, kiti chako hakikukaliwa muda mrefu."

Nililia, Idrisa, na mteja amesimama anataka kopi ya cheti chake ilaminetiwe, ifunikwe plastiki. Miaka yote hiyo nilidhani wananicheka, kumbe walikuwa wananingoja. Anna alipoondoka na rimu zake nilikiunguza kile cheti kwenye mashine, ikabidi nimtulize mwenye cheti na kumtolea kopi nyingine.

Kwa hiyo ulipoiangalia mikono yako mbele ya ile Mac, mimi sikuona mtoto anajifunza kitu kipya. Nilijiona mimi, taa inapepesa, watu wamegeuka. Nikaiwahi ile aibu kabla haijakufikia. Nilidhani nakupa urahisi, kumbe nakupa woga wangu, ila nimeufungia ndani ya mipangilio usiuone. Na si kwenye mashine tu. Ulipoanza darasa la kwanza nilimfuata mwalimu akukalishe na mtoto wa jirani yetu, usije ukakaa na watoto usiowajua. Ulipotafuta mahali pa kufanyia fildi, yale mafunzo ya kazini ya chuo, aliyeongea kwenye simu ni mimi, wewe umekaa pembeni unaitikia kwa kichwa. Nilikuwa naona raha, na wewe ulikuwa unaniachia.

Ngoja, nimeitwa.

Nimerudi. Nimefikiria tena ombi lako la asubuhi. Kugeuza vitufe unajua, wewe ndiye uliyewageuzia wale watoto wa Kirit mashine zao. Ni kazi ndogo, ungeimaliza kabla chai haijapoa, tena chumbani kwako, bila mtu kujua. Mbona uliniomba mimi? Na tena wewe mwenyewe uliyenilaumu kwa jambo hilo hilo? Sikucheki, mtu akiogopa hushika kilicho karibu, hata kama ndicho kilichomuumiza. Lakini nadhani kulikuwa na kingine. Nadhani ulitaka kuona nitafanya nini. Ningegeuza, ungejua mama naye anaona huwezi, na hapo ungekuwa na ruhusa ya kubaki. Ungeniambia unaona, hata wewe ulijua.

Nilikaa na ile mashine mapajani muda mrefu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, nakuapia, na kilitaka. Kukusaidia ndiyo tabia yangu ya zamani kuliko zote. Halafu nikaifunga, kwa sababu jibu langu ni kwamba unaweza. Sijalisema vizuri siku zote, leo nimeliandika.

Kisha nikaona si haki nikuachie shida hiyo peke yako. Ile Mac ya dukani nimeirudishia mipangilio yake yote ya asili. Yote. Command ni Command, Ctrl ni Ctrl, ukurasa unakwenda unakotaka wenyewe. Barua hii naiandikia humo humo na imenitoa jasho. Nikitaka kurudi mwanzo wa mstari nabonyeza Home kama nilivyozoea, inanirusha mpaka juu kabisa kwenye jina lako, nashuka tena natafuta nilipokuwa. Nimefunga nisichotaka kufunga. Nimetukana kidogo, Mungu anisamehe.

Katikati ya yote hayo akaingia yule mzee wa kamati ya harusi ya Ilala, anayebadilisha kadi kila uchao. Leo ukumbi umebadilika, anataka jina jipya kwenye kadi zote na anazitaka sasa. Windows ya mbele alikuwa ameikalia kijana anajaza maombi ya chuo, ikabidi nimhudumie kwenye Mac. Nikawa napapasa kama nimeanza kazi jana. Mzee akanitazama, akauliza, "Mama Idrisa, leo umeleta mashine mpya?"

"Mashine ni ile ile, mzee," nikamwambia. "Mpya ni mimi."

Nilingoja acheke. Mzee akavuta stuli, akakaa, akatoa simu yake akaanza kusoma ujumbe. Akangoja tu. Kadi zikatoka, zimechelewa, akazikagua, akakuta mimi nimeandika ukumbi sawasawa na yeye ndiye aliyekosea tarehe. Tukazirudia, akaenda zake.

Nilipokuwa napapasa nikaona kitu ambacho ningekiona tangu siku Mac inaingia dukani, kama nisingekuwa na haraka ya kukificha. Herufi ni zile zile. C ni ya kukopi, V ya kupesti, Z ya kurudisha ulichokosea, P ya kuprinti, S ya kusevu, uwe kwenye Windows, uwe kwenye Linux, uwe kwenye Mac. Kinachobadilika ni kitufe cha kushikilia pembeni na kidole cha kukishikilia: huku tunatumia kidole kidogo, kule gumba. Hiyo ndiyo tofauti niliyokujengea ukuta. Na vilivyobaki vimeandikwa kwenye menyu ya juu, kila neno na kifupisho chake pembeni, nimekaa nimevisoma kama gazeti. Ile ya H bado inaniudhi, sitakudanganya.

Ukitaka kugeuza vitufe, geuza. Mashine ni yako na mahali pa kugeuzia unapajua. Wapo watu wazuri tu wa kazi wanaogeuza kila kitu kwa sababu ndivyo wanavyopenda, na wala sikatai mipangilio, mimi wa kukataa mipangilio? Ila usiigeuze kwa hofu, kabla hujakaa nayo kama ilivyo. Kaa nayo mpaka uizoee, halafu uchague ukiwa umetulia.

Na ukikwama, uliza. Sema, "Samahani dada, mimi nimezoea Windows, hili jambo huku linafanywaje?" Nimeijaribu sentensi hiyo hapa dukani kwa sauti, kijana wa maombi ya chuo akageuka akadhani namwambia yeye. Imetoka vizuri. Ni fupi, haina aibu yoyote ndani yake, na mimi ile Jumatatu sikuweza kuitoa mdomoni. Wewe kule Posta nayo ilikukwama hapo hapo. Ndiyo maana nakuandikia mimi na si baba yako, yeye anauliza watu njia hata akiwa mtaani kwetu.

Kijana amemaliza maombi yake, ananidai risiti. Kirit anafunga duka, amenipungia mkono, amesema nikusalimie na usimsahau. Sasa hivi utakuwa unarudi.

Alfajiri nitagonga mlango wako mara moja. Sitagonga mara ya pili, na sitaingia kukutoa kitandani. Ukitoka na begi nitakusindikiza mpaka stendi ya Mbezi, nitakutia aibu kwa kulia mbele ya abiria wenzako, hilo jiandae nalo. Usipotoka nitakupikia chai kama siku zote na sitakusema. Lakini nitahuzunika, Idrisa, na sitajifanya sihuzuniki.

Siku ya kwanza huko Arusha utakosea. Dirisha litatoweka, au utafunga kitu ambacho hukutaka kukifunga, na kuna mtu atacheka, pengine wewe mwenyewe. Jioni nipigie simu unieleze yote, nami nitakucheka, usinitegemee kwa huruma. Siku hiyo siiogopi hata kidogo. Ninayoiogopa ni asubuhi inayofuata. Umeshaoga, umeshavaa, unakumbuka jana, na miguu inataka ikupeleke mahali pengine popote. Hapo mimi ndipo niliposhindwa, na ndiyo maana sina la kukuelekeza, maana sijawahi kufika mbele ya hapo. Wewe nenda. Ingia, wape watu habari za asubuhi, ukae kwenye kiti chako, uwashe mashine.

Halafu ukija likizo unisimulie asubuhi hiyo ilikuwaje. Mimi siijui, na nimetamani kuijua miaka yote hii.

Mama yako